Swingi Yako, Fimbo ya Mwingine

Gulwe, mkoani Dodoma, haina uwanja wa gofu. Ina stesheni ya reli ya kati tangu enzi za Wajerumani, sasa ina pia ile ya reli ya kisasa, ina mtama, uwele na mifugo, na ina mto Kinyasungwe ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu. Kijana wa hapa anayetaka kuuona mchezo huo atapanda treni ashuke Morogoro, kwenye Gymkhana iliyo chini ya milima ya Uluguru, au aendelee hadi Dar es Salaam, kwenye uwanja wa jeshi wa Lugalo au ule wa Gymkhana. Akifika huko bila fedha za uanachama, mlango atakaoukuta wazi ni ukedi. Atabeba mkoba wa mwenye kucheza, atatafuta mipira iliyopotelea majanini, atajifunza kusoma mteremko wa grini, na wanachama wakishaondoka atapiga mikwaju michache kwa fimbo aliyoachiwa.

Naanza na kijana huyo kwa sababu gofu ya Afrika Mashariki imebebwa na watu waliopita njia yake. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania, Kenya na Uganda walianza wakiwa makedi. Dismas Indiza, mmoja wa Wakenya waliodumu kileleni kwa miaka mingi, alitokea kwenye ukedi Mumias. Watu hawa walijifunza kwa macho, tena kwa fimbo zilizopimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Na hapo ndipo ninapoona chanzo cha matatizo ambayo makocha wetu huhangaika nayo kila siku. Kasoro nyingi tunazoziita makosa ya swingi ni majibu ambayo mwili umeyabuni ili kuishi na fimbo isiyoufaa. Kumrekebisha mchezaji bila kuikagua fimbo yake ni kumwondolea jibu huku swali likibaki palepale. Kumpa fimbo mpya bila kuigusa swingi yake kuna hasara ileile kwa upande wa pili.

Tuanze na kile ambacho mpira unakisikia. Uso wa fimbo na mpira hugusana kwa muda wa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo mfupi mambo machache tu ndiyo yenye kauli: uso wa fimbo unatazama wapi, kichwa cha fimbo kinapita njia gani, uso umeinama kiasi gani, mpira umeguswa sehemu gani ya uso, na kasi. Mpira haujui kama kichwa chako kiliinuka. Haujui kama mkono wa kushoto ulikunjika. Mambo hayo yana maana pale tu yanapobadilisha mojawapo ya yale matano.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mpira huanza safari kuelekea upande ambao fimbo inapita, kisha hukata kona kuufuata uso. Rada za kupimia mikwaju, kama zile za kampuni ya TrackMan ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003, zilionyesha karibu kinyume chake. Mpira huanza kwa sehemu kubwa pale uso unapotazama, robo tatu ya mwelekeo wake au zaidi, kisha hupinda kwa kadiri uso na njia vinavyotofautiana. Uso ukiwa wazi kuliko njia, mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia hupinda kulia. Huo ndio ugonjwa unaoitwa slaisi, na ndio unaowasumbua wachezaji wa kawaida kuliko mwingine wowote.

Tazama sasa mwenye slaisi anavyojitibu. Mpira wake unapotelea kulia, kwa hiyo anasimama akielekeza mabega kushoto. Mabega yakielekea kushoto, fimbo nayo inapita kutoka nje kuja ndani, ikiukata mpira. Njia imezidi kwenda kushoto, uso umebaki palepale, tofauti kati yao imeongezeka, na mpira unapinda zaidi ya jana. Kesho yake atazidisha tena kushoto. Nimeona wachezaji waliofika mahali pa kusimama kifua kikikaribia kuielekea shabaha, na kila hatua ya safari hiyo ilikuwa na mantiki kwa aliyeipiga. Hakuna uzembe hapo. Ni mtu mwenye akili anayesoma ishara moja na kuikosa nyingine.

Tiba yake huanzia mikononi. Mchezaji wa mkono wa kulia akitazama chini kwenye mshiko wake, aone vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto. Akiona kimoja tu, uso utamfungukia kila anapoongeza nguvu, hata afanye nini kwa kiuno. Ataugeuza mkono kidogo kulia hadi mkunjo kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia, na fimbo ilale kwenye vidole badala ya kiganja. Siku za kwanza mshiko huo utaonekana mbaya na mpira utaruka kushoto. Hiyo ni habari njema, maana uso umeanza kufunga, na sasa mchezaji ana sababu ya kuacha kuukata mpira. Njia hujirekebisha kwa urahisi zaidi uso ukishatulia. Ukianza na njia huku uso ukiwa bado wazi, mpira utazidi kwenda kulia, na mwanafunzi atamkimbia kocha.

Kuhusu umbo la swingi, naomba tupunguze ibada. Calvin Peete wa Marekani alivunjika kiwiko utotoni na hakuweza kuunyoosha mkono wa kushoto maisha yake yote. Alianza gofu akiwa na zaidi ya miaka 20. Tangu mwaka 1981 hadi 1990 alikuwa wa kwanza kwa unyoofu wa draiva, fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, katika mashindano ya PGA ya Marekani, mwaka baada ya mwaka. Kocha anayemlazimisha kila mwanafunzi anyooshe mkono ule anatakiwa atueleze Peete alifanikiwaje.

Sasa tuje kwenye fimbo, ambako ndiko mazungumzo yetu huwa mafupi mno.

Kila ayoni, fimbo yenye kichwa cha chuma, ina pembe ya mlalo, yaani pembe kati ya shafti (mpini wa fimbo) na ardhi kichwa kinapotua sawasawa. Fimbo ikiwa imesimama mno kwa mwili wako, kisigino cha kichwa kinagusa chini na ncha inainuka, na uso, kwa kuwa umeinama, unatazama kushoto. Ikiwa imelala mno, ncha inashuka na uso unatazama kulia. Hesabu yake si ngumu. Kwa ayoni yenye mwinamo wa nyuzi 35, kosa la nyuzi 3 za mlalo hugeuza uso kwa nyuzi 2 hivi, na kwenye mkwaju wa mita 140 hiyo ni kama mita 5 nje ya shabaha, swingi ikiwa haina doa. Kadiri uso unavyoinama ndivyo adhabu inavyokua, ndiyo maana weji, ayoni fupi yenye mwinamo mkubwa, hudhuru kuliko ayoni ndefu, na kwenye draiva kosa hilo karibu halionekani.

Mweke sasa kedi wetu mfupi na seti ya mwanachama mrefu. Fimbo zimezidi urefu, na mlalo wake umesimama mno kwake. Kila mkwaju mzuri unaenda kushoto. Hana kocha, hana rada, ana macho na njaa ya kujifunza. Baada ya miezi kadhaa mikono yake inagundua kwamba akiuacha uso wazi kidogo wakati wa kugonga, mpira unanyooka. Ameshinda. Anashiriki mashindano ya makedi, anapunguza mikwaju, anasifiwa. Halafu mfadhili anamnunulia seti inayomtosha, na mipira yote inaanza kwenda kulia. Watu watasema fimbo mpya hazimfai, au kijana amevimba kichwa. Ukweli ni kwamba mikono yake bado inajibu swali la fimbo za zamani. Mtu mrefu aliyekulia kwenye fimbo fupi hupita njia hiyo hiyo kwa upande wa pili: ncha inashuka, mpira unaenda kulia, anajifunza kuupindua uso kwa viganja, na siku viganja vikichelewa au kuwahi hajui mpira utalala wapi.

Mkulima wa Gulwe hahitaji kufundishwa jambo hili akiwa na jembe. Anachagua mpini unaolingana na kimo chake na kuukataa ule unaomvunja mgongo, wala hakuna anayemwambia atafute namna bora ya kuinama. Kwenye gofu tumewaambia vijana wainame.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Simama wima umevaa viatu, mikono ikining'inia, mtu apime kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Chati nyingi za watengenezaji huweka fimbo za kawaida za wanaume kwa watu wenye sentimita 86 hadi 94 hivi. Ukiwa nje ya hapo, urefu wa kawaida una mashaka kwako. Kipimo cha pili kinahitaji kalamu ya wino mzito. Chora mstari wima kwenye mpira, uelekeze kwenye uso wa fimbo, upige, kisha soma alama iliyobaki usoni. Ikisimama wima, mlalo unakufaa. Kichwa cha mstari kikiegemea ncha ya fimbo, fimbo imesimama mno. Kikiegemea kisigino, imelala mno. Piga mara kadhaa kabla ya kuamini, kwa sababu mkwaju mmoja hudanganya.

Anayenunua fimbo za mitumba anaweza hata kusoma mwili wa mwenye fimbo wa kwanza. PING, kampuni ya mhandisi Karsten Solheim iliyoanza mwaka 1959, huweka nukta ya rangi kwenye ayoni zake tangu miaka ya 1970. Nyeusi ni mlalo wa kawaida, nyekundu imelala kidogo, buluu imesimama kidogo. Muuzaji atakusifia jina. Wewe tazama nukta.

Urefu na mlalo vina athari kubwa kwa mwelekeo. Shafti ina athari kubwa kwa mwendo. Shafti ngumu mno humfanya mchezaji mwenye kasi ndogo ajikamue, na kujikamua ndiko kunakoanzisha swingi mabegani badala ya kwenye miguu. Laini mno humfanya mwenye kasi apoteze habari za kichwa kiko wapi. Herufi zilizoandikwa juu yake, R au S, ni mwongozo hafifu, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachovibana viwanda vyote: R ya kampuni moja inaweza kukaribia S ya nyingine. Kwa makadirio, mwenye kasi ya draiva ya kilomita 135 hadi 150 kwa saa huelekezwa R, na wa juu ya hapo huelekezwa S.

Tatizo kubwa zaidi hapa kwetu ni kukata. Fimbo ya mtu mzima hukatwa kwa msumeno ikapewa mtoto au msichana, na wafadhili huondoka wameridhika. Lakini shafti ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, uwiano wa uzito unabadilika, na mlalo uliopangwa kwa fimbo ndefu sasa unahitaji kusimama zaidi. Mtoto anashika kitu kifupi, kigumu, chenye kichwa kile kile cha mtu mzima. Anakiinua kwa mwili mzima, anayumba, na tunamwambia atulize miguu. Wanawake wetu wamecheza katika mazingira haya na bado wamefika mbali. Madina Iddi wa Arusha ametwaa mataji nje ya mipaka ya nchi. Mafanikio yake hayatupi ruhusa ya kuwaachia wadogo zake mabaki yaliyokatwa.

Mshikio, ule mpira unaoshikwa, ndio unaodharauliwa kuliko vyote na ndio rahisi kutengeneza. Joto na vumbi huukausha ukawa mgumu na wa kuteleza, basi mchezaji anaubana. Mikono inayobana hukaza hadi mabegani, na viganja vilivyokaza havifungi uso kwa wakati. Slaisi nyingine huisha kwa kuosha mishikio kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi, au kwa kuibadilisha. Mshikio ukiwa mwembamba kwa mkono mkubwa, tabaka za utepe chini yake huunenepesha.

Ardhi nayo ina sauti yake. Kosa la pili kwa wingi, baada ya slaisi, ni kugonga chini nyuma ya mpira au kuupiga tumboni ukakimbia kama panya. Yote mawili hutokana na sehemu moja: pale fimbo inapofikia chini kabisa katika mzunguko wake panabaki nyuma ya mpira badala ya mbele yake, mara nyingi kwa sababu uzito umekwama kwenye mguu wa kulia. Lakini kiangazi uwanja ukikauka, mwenye swingi nzuri pia huadhibiwa, hasa akiwa na weji yenye kitako kilichotuna. Kitako cha namna hiyo kimeundwa kwa mchanga laini na nyasi nene. Kwenye ardhi ngumu hudunda na kuugonga mpira kiunoni. Mchezaji akishapigwa na mdundo huo mara kadhaa, mwili huanza kuinuka kabla ya kugonga ili kuikwepa ardhi. Ndipo anapoambiwa ameinua kichwa. Weji yenye kitako bapa zaidi ingemponya kabla ya mahubiri.

Mwinuko pia huficha maradhi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi na hupinda kidogo. Mwenye slaisi ya wastani akishuka Mombasa au Dar es Salaam, mpira ule ule hupinda zaidi, naye hudhani ameharibikiwa safarini. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100, iko kati ya hali hizo mbili. Ukitaka kujua ukweli wa swingi yako, ipime pwani.

Kuna hoja nzito dhidi yangu na sitaikwepa. Seve Ballesteros alikulia Pedreña, Hispania, mtoto wa familia ya wakulima, naye alikuwa kedi. Alijifunza kwa ayoni namba 3 ya zamani, peke yake, kwenye mchanga wa ufuoni. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open, mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza, na akamaliza akiwa na mataji makubwa 5. Fimbo moja isiyo yake ilimpa mikono ambayo haijasahaulika. Kwa nini basi tupime?

Kwanza, kwa sababu Seve hakubaki na fimbo ile. Alipoingia mashindanoni alikuwa na vifaa vilivyomstahili. Pili, ile ayoni ya ufuoni ilimfundisha kubuni mikwaju, na ubunifu huo ndio uliomwokoa kila draiva yake ilipopotea, na ilipotea mara nyingi. Tatu, mgongo ulimsumbua tangu ujanani na kumharibia miaka ya mwisho ya uchezaji. Sidai kwamba fimbo ya utotoni ndiyo iliyomuumiza. Ninachosema ni kwamba tunamhesabu mmoja aliyefika na kuwasahau wote walioishia njiani.

Lakini kuna jambo la Seve ambalo Gulwe inaweza kulichukua kesho asubuhi, nalo ni mchanga. Kinyasungwe, mto ambao mafuriko yake yamekuwa yakiisumbua reli kati ya Gulwe na Kilosa, kiangazi ni darasa lisilo na ada. Chora mstari mchangani, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, piga swingi bila mpira, tazama fimbo imechimba wapi. Ikichimba nyuma ya mstari, uzito haukuhamia mguu wa mbele. Ikichimba mbele tu, mara kumi mfululizo, mchezaji huyo ameshapata kitu ambacho wanachama wengi wa klabu hawana. Na alama yenyewe husema njia: mfereji unaoelekea kushoto mwa shabaha umepigwa kutoka nje kuja ndani. Kwa mafunzo haya hata ayoni moja inatosha, mradi urefu wake umfae anayeishika.

Kwa mpangilio wa tiba, mimi naanza na mshiko kwa sababu ni bure, kisha urefu, mlalo na mshikio wa fimbo, na baada ya hapo ndipo njia ya swingi na uhamishaji wa uzito. Wapo makocha wanaotaka swingi itulie kwanza ndipo fimbo zipimwe, na kwa mtu mzima anayekaribia kununua seti ya mamilioni wana haki. Kwa mtoto na kwa kedi nadhani wanakosea, maana swingi haitatulia juu ya kitu kinachoipinga. Fimbo zikibadilishwa, mchezaji apewe wiki kadhaa za mazoezi kabla ya mashindano, na aambiwe mapema mpira utamwendea upande gani ili asikate tamaa.

Gharama haipaswi kuwa kisingizio. Sheria huruhusu fimbo 14, lakini 6 zinazokufaa zitakufikisha mbali kuliko 14 za kuokoteza. Ayoni za chuma laini kilichofuliwa hupinda nyuzi 2 hivi mikononi mwa fundi mwenye kifaa chake. Za chuma cha kumiminwa mara nyingi huwa ngumu zaidi kupinda, na huweza kuvunjika. Usimpelekee fundi wa kuchomelea: moto hulegeza gundi inayoshika kichwa, na shafti ya grafiti huharibika.

Ombi langu ni kwa Chama cha Gofu Tanzania, kwa chama cha wanawake, na kwa kila klabu inayopokea misaada ya fimbo za zamani. Kabla fimbo haijamfikia kijana, ipimwe: urefu, mlalo, hali ya mshikio, na iandikwe kwenye kipande cha karatasi inamfaa mtu wa kimo gani. Kila klabu itenge siku moja kwa mwezi ya kuwapima makedi wake kama inavyowapima wanachama. Na wewe msomaji unayekaribia kununua seti ya mitumba, nenda sokoni na futi ya kupimia na kalamu ya wino mzito, na usilipe kabla hujavitumia.